Deming: Mtoto wa mkulima aliyewafundisha wakubwa wa viwanda kutazama mfumo

UKIENDA gulioni siku yoyote, hesabu magari yanayoteremsha nyanya, mahindi, mbuzi na abiria waliokaa juu ya magunia. Mengi yake ni Toyota, na baadhi yana umri mkubwa kuliko vijana wanaoyaendesha. Mfanyabiashara anayetafuta gari lililotumika huuliza kwanza kama limetoka Japani, kwa kuwa anaamini halitamwangusha njiani.

Wachache wanajua kwamba kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia bidhaa ya Japani ilikuwa na sifa ya kinyume kabisa. Ilijulikana kwa bei ndogo na kwa kuharibika upesi. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba mwaka 1965 Toyota ilipata tuzo ambayo Wajapani waliihesabu kuwa ya juu kabisa katika ubora wa viwanda, na kwamba tuzo hiyo haikubeba jina la Mjapani. Ilibeba jina la Mmarekani aliyekulia shambani, aliyefanya kazi katika maabara ya mbolea, na ambaye nchini kwake viongozi wa viwanda hawakumjali hadi alipokaribia umri wa miaka 80.

Mtu huyo ni William Edwards Deming. Maisha yake yanafaa kusomwa na kila mwenye ushirika, kikundi, duka au kiwanda kidogo, kwa sababu yanagusa swali linalotusumbua sana. Kwa nini taasisi nyingi hufundishwa njia bora ya kufanya kazi, huikubali kwa mdomo, kisha baada ya miaka miwili huwa zimerudi pale pale?

Shamba la ekari 40

Deming alizaliwa Oktoba 14, 1900 katika mji wa Sioux City, jimbo la Iowa, Marekani. Akiwa bado mtoto mdogo, familia yake ilihamia Wyoming, jimbo kame la magharibi, na hatimaye ikapata shamba la ekari 40 karibu na mji mpya wa Powell. Eneo hilo lilikuwa limefunguliwa kwa mradi wa serikali wa umwagiliaji wa Shoshone. Ardhi haikuwa nzuri, na familia iliishi katika kibanda kilichoezekwa kwa karatasi ya lami. Kijana Edwards alifanya vibarua hotelini na kuwasha taa za mtaani ili kuongeza kipato cha nyumbani.

Mama yake alifundisha muziki, na mapenzi ya muziki yalibaki kwa mwanawe maisha yote. Hata uzeeni, akiwa mashuhuri duniani, alikuwa akitunga nyimbo za ibada.

Mwaka 1921 alihitimu uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Wyoming. Akaendelea na shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1925, na mwaka 1928 akapata udaktari wa hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Yale.

Wakati wa likizo za 1925 na 1926 alifanya kazi katika kiwanda kikubwa cha vifaa vya simu cha Hawthorne, karibu na Chicago, kilichokuwa na makumi ya maelfu ya wafanyakazi. Wengi walilipwa kwa idadi ya vipande walivyomaliza. Mwisho wa mstari walikaa wakaguzi waliotenga vizuri na vibovu. Vibovu vilirudi kutengenezwa upya au vilitupwa, na gharama yake ililipwa na kampuni na mteja. Kijana wa Wyoming aliuona utaratibu huo na hakuusahau.

Kutoka maabara ya mbolea

Baada ya masomo, Deming hakwenda kiwandani. Mwaka 1927 aliajiriwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Washington, katika maabara iliyochunguza namna ya kuchukua naitrojeni iliyo hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Alikaa katika wizara hiyo hadi mwaka 1939, kwa hiyo mengi aliyokuja kuwafundisha wenye viwanda aliyapikia katika nyumba ya kilimo.

Wakati huo takwimu na kilimo vilikuwa ndugu. Nchini Uingereza, mtaalamu Ronald Fisher alikuwa ametumia miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Rothamsted akibuni namna ya kupanga mashamba ya majaribio, ili mtafiti ajue kama mavuno yameongezeka kwa sababu ya mbolea au kwa bahati ya udongo na mvua. Mwaka 1936 Deming alikwenda London kusoma kwa Fisher na kwa Jerzy Neyman, mwanzilishi mwingine wa takwimu za kisasa.

Aliyemwathiri zaidi, hata hivyo, ni Walter Shewhart, mtafiti wa kampuni ya simu ya Bell. Mwaka 1924 Shewhart alichora chati ya kwanza ya udhibiti wa ubora. Mwaka 1938 Deming alimwalika kutoa mihadhara katika shule ya jioni ya Wizara ya Kilimo, kisha akaihariri ikawa kitabu kilichotoka mwaka 1939.

Wazo la chati ile linaweza kuelezwa kwa ng'ombe wa maziwa. Tuseme ng'ombe wako anatoa lita nane leo, saba kesho, tisa keshokutwa. Huko ni kupanda na kushuka kwa kawaida, kunakotokana na malisho, maji, joto na mengine mengi kwa pamoja. Siku akitoa lita tatu, hapo kuna jambo maalumu, pengine ugonjwa, na inafaa utafute chanzo mara moja. Mfugaji anayebadilisha chakula kila lita moja inapopungua anamvuruga ng'ombe. Anayekaa kimya lita zinaposhuka hadi tatu anampoteza. Chati ya Shewhart ilikuwa kipimo cha kutofautisha hali hizo mbili.

Deming aliona kwamba jambo hilo halikuhusu mashine peke yake. Mwaka 1939 alihamia Ofisi ya Sensa, na katika sensa ya mwaka 1940 akasaidia kuingiza matumizi ya sampuli, ambapo asilimia tano ya watu waliulizwa maswali ya ziada badala ya kuwauliza wote. Aidha, alitumia njia za Shewhart katika kazi ya makarani waliotoboa kadi za takwimu. Makosa yalipungua na fedha ziliokolewa.

Vita, na somo lililosahauliwa

Marekani ilipoingia vitani, viwanda vilihitaji kutengeneza silaha nyingi haraka, tena bila kasoro. Mwaka 1942 Deming alipendekeza wahandisi na mafundi wafundishwe njia za takwimu. Kozi ya kwanza ilifanyika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka huo huo, kisha zikaenea nchi nzima na maelfu ya watu wakahudhuria. Kasoro zilipungua na uzalishaji ukapanda.

Kisha vita ikaisha. Viwanda vya Ulaya na Japani vilikuwa magofu, na karibu kila kilichotoka Marekani kilinunuliwa hata kabla hakijakauka rangi. Mkurugenzi aliyekuwa akiuza kila alichotengeneza hakuona haja ya kusumbuka na chati. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Katika muda wa miaka michache chati zilibanduliwa ukutani, na wakaguzi wakarudi kukaa mwisho wa mstari.

Deming aliumia, na baadaye alitambua kosa ambalo naye alikuwa mshirika wake. Walikuwa wamewafundisha wahandisi na mafundi, wakawaacha wakubwa. Fundi alirudi kazini na maarifa mapya, akakuta bosi wake bado anadai idadi kubwa, bado ananunua malighafi ya bei ya chini kabisa, bado anamfokea mtu kwa kasoro iliyotokana na mashine mbovu. Fundi mmoja hawezi kubadilisha vitu hivyo, kwani si yeye anayeshika ufunguo wake.

Jambo hilo hatulioni Marekani tu. Ni mara ngapi semina ya menejimenti huhudhuriwa na karani wa ghala, huku mwenyekiti na meneja wakija kufungua na kufunga?

Tokyo, kiangazi cha 1950

Deming aliacha kazi ya serikali mwaka 1946, akawa profesa wa takwimu katika Chuo Kikuu cha New York na mshauri wa kujitegemea. Mwaka 1947 utawala wa majeshi ya washindi ulimpeleka Japani kusaidia maandalizi ya sensa. Alikuta miji iliyoungua na watu wenye njaa. Tofauti na wageni wengi, alijenga urafiki na wataalamu wa takwimu wa nchi hiyo.

Urafiki huo ulizaa matunda mwaka 1950, pale Umoja wa Wanasayansi na Wahandisi wa Japani ulipomwalika kufundisha udhibiti wa ubora. Alikubali, lakini safari hii hakutaka kurudia kosa la Marekani. Aliomba akutane na wakubwa wenyewe. Ichiro Ishikawa, aliyeongoza umoja huo na pia shirikisho kuu la wenye viwanda, aliwaita wakuu wa makampuni, na jioni moja ya Julai 1950 wapatao 20 walikaa mbele ya Deming mjini Tokyo. Mwezi uliofuata aliwafundisha wengine katika mji wa Hakone.

Hoja yake kwao ilikuwa ya uchumi wa nyumbani kabisa. Japani haikuwa na chakula cha kutosha wala madini ya kutosha. Ili ile, ilibidi iuze nje, na ili iuze nje, ilibidi ifute sifa mbaya ya bidhaa zake. Aliwaambia kwamba wakishikamana na kazi hiyo, katika muda wa miaka mitano dunia ingeanza kuzitafuta bidhaa zao. Wengi wao, kama walivyokuja kukiri baadaye, waliona ni ndoto.

Halafu aliwachorea mchoro ambao pengine ndio urithi wake mkubwa zaidi. Upande mmoja waliandikwa wauza malighafi. Katikati zilikuwa hatua za kupokea, kutengeneza, kukagua na kusambaza. Upande wa pili alikuwepo mteja. Kutoka kwa mteja mshale ulirudi nyuma hadi kwenye usanifu wa bidhaa, ili anachokisema mtumiaji kibadilishe kinachotengenezwa kesho. Kiwanda kilionekana kama kitu kimoja kinachotiririka, na si vyumba vyenye wakuu tofauti, kila mmoja na ripoti yake.

Mkulima wa umwagiliaji anaelewa mchoro huo bila kufundishwa. Aliye juu akipasua mfereji kwa ajili ya shamba lake, ripoti ya shamba lake itakuwa nzuri sana mwaka huo. Mavuno ya mfereji mzima yatashuka. Ukiwapa zawadi wakulima mmoja mmoja kwa mavuno yao, utakuwa unampa zawadi aliyepasua mfereji. Deming aliona makampuni yakifanya hivyo kila siku. Idara ya manunuzi husifiwa kwa kupata chuma cha bei ndogo, idara ya uzalishaji hulaumiwa kwa vipuri vinavyovunjika, na idara ya mauzo hubaki kuomba radhi. Kila mtu amefikia lengo lake, na kampuni inakufa.

Wajapani walichapisha mihadhara yake. Yeye alikataa kupokea malipo ya kitabu hicho, na fedha hizo zikaanzishia tuzo iliyopewa jina lake, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1951.

Inafaa tuwe wakweli hapa. Deming hakuijenga Japani peke yake. Kabla yake, wahandisi wa utawala wa majeshi ya washindi walikuwa wamekwisha kuwafundisha mameneja wa viwanda vya mawasiliano. Mwaka 1954 alikuja Mmarekani mwingine, Joseph Juran, aliyewafundisha mameneja. Na kazi kubwa kuliko zote ilifanywa na Wajapani wenyewe. Kaoru Ishikawa, mtoto wa Ichiro, aliyapeleka mafunzo hadi kwa wafanyakazi wa chini. Mwaka 1956 kulikuwa na kozi ya ubora redioni, na mwaka 1962 vikaanza vikundi vidogo vya wafanyakazi vilivyokaa kutafuta chanzo cha matatizo ya kazi yao. Huko Toyota, Taiichi Ohno alijenga mfumo wake wa uzalishaji kwa miaka mingi, hatua kwa hatua. Toyota ilianza rasmi mpango wa ubora wa kampuni nzima mwaka 1961, ikapata Tuzo ya Deming mwaka 1965. Hakuna aliyemaliza kazi hiyo kwa semina ya siku tatu.

Mwaka 1960 serikali ya Japani ilimpa Deming nishani ya Hazina Takatifu kwa jina la Mfalme.

Nabii hakubaliki kwao

Kwao Marekani, mtu huyohuyo alikuwa mshauri wa kawaida wa takwimu, akifanyia kazi chini ya nyumba yake mjini Washington pamoja na katibu wake mmoja. Makampuni yalimwita apime sampuli za mizigo au atoe ushahidi wa kitakwimu. Karibu hakuna aliyemwita kuzungumzia uongozi. Hali hiyo iliendelea kwa miaka 30.

Katika miaka ya 1970 magari na redio za Japani ziliingia soko la Marekani kwa kasi. Viwanda vikafungwa na watu wakapoteza ajira. Usiku wa Juni 24, 1980 televisheni ya NBC ilionyesha filamu iliyouliza kwa nini Marekani ishindwe kufanya kile ambacho Japani imekiweza. Humo watazamaji wakamwona mzee wa miaka 79 akieleza kwamba yeye ndiye aliyewafundisha Wajapani, na kwamba anaishi maili chache tu kutoka Ikulu ya nchi yake. Tangu kesho yake simu yake haikunyamaza.

Kampuni ya Ford ilikuwa miongoni mwa waliomtafuta. Ilikuwa ikipata hasara ya mabilioni ya dola. Wakubwa wa Ford walitarajia azungumzie magari. Yeye aliwahoji kuhusu uongozi wao, na mapema alikataa kufanya kazi na kampuni ambayo mkuu wake hashiriki mwenyewe. Donald Petersen, aliyekuwa rais wa kampuni, alikubali kushiriki.

Kisa kimoja cha Ford kinafaa kukumbukwa. Giaboksi za aina moja zilitengenezwa na Ford na pia na Mazda ya Japani, kwa mchoro uleule. Wateja walilalamikia zaidi zile za Ford. Zilipofunguliwa na kupimwa, vipuri vya Ford vilikuwa ndani ya mipaka iliyowekwa, kwa hiyo kila mkaguzi alikuwa amevipitisha kwa haki. Lakini vya Mazda vilifanana mno kila kimoja na mwenzake, na vilipokutanishwa vilikaa vizuri zaidi. Kupasi ukaguzi hakukutosha. Kipuri kilitakiwa kifanye kazi na vipuri vingine, na hilo hakuna idara moja iliyokuwa imepewa kulitazama.

Mwaka 1986 faida ya Ford iliizidi ya mshindani wake General Motors kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1920.

Shanga nyekundu

Kuanzia hapo hadi kifo chake Deming alizunguka akifundisha semina za siku nne, na maelfu ya mameneja walihudhuria. Mchezo wao maarufu ulikuwa wa shanga. Katika chombo kulikuwa na shanga 4,000, nyeupe 3,200 na nyekundu 800. Wahudhuriaji sita waliitwa jukwaani kuwa wafanyakazi. Kila mmoja alichota kwa ubao wenye vishimo 50. Shanga nyeupe ilikuwa bidhaa nzuri, nyekundu ilikuwa kasoro.

Deming alijifanya meneja. Aliyepata nyekundu sita alisifiwa na kuongezewa mshahara. Aliyepata 14 alikemewa mbele ya watu. Mara ya pili, yule wa sita alipata 11, akaambiwa sifa zimemlevya. Mabango ya kuhimiza ubora yalibandikwa, wakaguzi wakaongezwa, wabovu wakafukuzwa. Nyekundu zikaendelea kuja, kumi hivi kila mchoto, kwa sababu moja ya tano ya shanga zote zilikuwa nyekundu. Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza, kwa maana kila meneja alikuwa anamkumbuka mtu aliyewahi kumfukuza.

Kwa makadirio ya Deming, zaidi ya tisa ya kumi ya matatizo ya kazi hutoka katika mfumo, yaani vifaa, malighafi, mafunzo na taratibu, ambavyo viko mikononi mwa uongozi. Kiasi kidogo tu humhusu mfanyakazi mwenyewe.

Nilikumbuka shanga hizo miaka kadhaa iliyopita nilipokuwa nikifuatilia kikundi kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kila wiki orodha ya waliokataliwa maziwa ilibandikwa kwenye mlango wa kituo. Mama mmoja jina lake lilitokea mara nyingi mno, hata majirani wakamwita mchafu, na mwishowe akauza ng'ombe wake. Baadaye tulipopima tukakuta kwamba maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yalikuwa mazima saa moja asubuhi, ila gari lilifika saa nne. Majina mengi ya kwenye orodha yalikuwa ya watu waliokaa mwanzo wa njia, ambao maziwa yao yalikaa juani kwa muda mrefu zaidi. Ratiba ya gari ilipogeuzwa na kivuli kujengwa, orodha ilifupika. Yule mama hakurudishiwa ng'ombe wake. Tuna msemo kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Deming angeuliza kwanza barafu iko wapi.

Tuzo bila mizizi

Sifa zilipokuja, zilikuja na balaa lake. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 ubora uligeuka kuwa mtindo. Makampuni yaliunda idara za ubora, yakachapisha mabango na kuhesabu vikundi vilivyoundwa, huku malengo ya idadi, upimaji wa mfanyakazi mmoja mmoja na manunuzi ya bei ya chini vikiendelea kama zamani. Hivyo ndivyo vitu ambavyo Deming alivipinga katika kanuni zake 14, alizozieleza katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1986.

Mwaka 1989 shirika la umeme la Florida lilikuwa la kwanza nje ya Japani kupata Tuzo ya Deming. Matayarisho yalidai makaratasi mengi hata wafanyakazi wakalalamika, na muda mfupi baadaye uongozi mpya ulivunja sehemu kubwa ya idara ya ubora. Kampuni ya Wallace ya Houston, iliyouza mabomba na vali, ilipewa tuzo ya taifa ya ubora ya Marekani mwaka 1990. Mwanzoni mwa mwaka 1992 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Hali ya soko ilichangia, lakini ilionekana wazi kwamba kombe la kabatini halilipi madeni.

Wakosoaji nao walikuwa na hoja. Deming alikuwa mkali wa ulimi, na meneja aliyemuuliza aanzie wapi Jumatatu asubuhi mara nyingi hakupata orodha ya hatua. Kuondoa bonasi na malengo ya mwaka ni rahisi kusema darasani, ni vigumu kwa mwenye wanahisa wanaodai hesabu kila robo mwaka. Kubadilisha ratiba ya gari ni jambo la wiki moja. Kubadilisha namna wakubwa wanavyogawana sifa na lawama kunagusa vyeo, na hapo ndipo kazi hukwama.

Hata Toyota haikubaki salama milele. Mwaka 2009 na 2010 ililazimika kuyaita mamilioni ya magari kwa marekebisho, na rais wake Akio Toyoda alikiri mbele ya Bunge la Marekani kwamba kampuni ilikua haraka kuliko uwezo wake wa kuwaandaa watu wake. Mfumo ni kama mfereji. Usiposafishwa msimu huu, msimu ujao maji hayafiki.

Siku za mwisho

Maisha ya nyumbani ya Deming hayakukosa machungu. Mke wake wa kwanza, Agnes, alifariki mwaka 1930 na kumwachia binti mdogo. Mwaka 1932 alimwoa Lola Shupe, mwanahisabati aliyefanya naye kazi, wakajaliwa mabinti wawili. Lola alifariki mwaka 1986, baada ya zaidi ya nusu karne ya ndoa. Mwaka uliofuata Rais Ronald Reagan alimpa mzee huyo nishani ya taifa ya teknolojia, ikiwa ni miaka 27 baada ya Japani kumtunuku.

Hakustaafu. Mwaka 1993, akiwa dhaifu, alichapisha kitabu cha mwisho, akaanzisha taasisi ya kuendeleza mafunzo yake, na hadi Desemba alikuwa bado anafundisha. Alifariki nyumbani kwake Washington Desemba 20, 1993, akiwa na umri wa miaka 93.

Mkulima na mfanyabiashara mdogo hawahitaji shahada ya takwimu kufaidika naye. Kiongozi wa ushirika aanze kukaa darasani yeye mwenyewe kabla hajamtuma karani. Achore njia nzima ya zao lake kutoka shambani hadi kwa mlaji, kisha aulize mzigo unasubiri wapi na unaharibikia wapi. Anunue mbegu na vifungashio kwa kutazama gharama hadi mwisho, kwa sababu rahisi ni ghali. Aandike vipimo kila siku, na asikurupuke kila vinapotikisika. Na kabla hajabandika jina la mtu mlangoni, asimame kwanza kituoni tangu alfajiri, aone gari linafika saa ngapi.

Kazi hiyo haina kombe wala sherehe ya kufunga. Wajapani waliifanya kwa miaka 15 kabla Toyota haijasimama kupokea tuzo yenye jina la mtoto yule wa Powell.